Elimu ya Nyufa

Mwezi wa Mei 1970, kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza iliirushia injini yake mpya kuku. Si utani. Kabla injini ya ndege haijaruhusiwa kubeba watu, lazima ithibitishwe kwamba ikimeza ndege wa porini haitasambaratika, na njia ya kuthibitisha ni kufyatua kuku aliyekufa, kwa kasi, hadi kwenye mapanga ya feni yanayozunguka. Injini hiyo, RB211, ilikuwa ya ndege kubwa ya abiria ya Lockheed TriStar. Mapanga yake hayakuwa ya chuma wala ya titani. Yalikuwa ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, kitu walichokiita Hyfil: chepesi, kigumu, cha kisasa. Kuku akaingia. Mapanga yakavunjika vipande.

Wakarudi kwa titani. Lakini gharama za kuunda injini hiyo zilikuwa zimeshapita makadirio kwa mbali, na tarehe 4 Februari 1971 kampuni iliyokuwa fahari ya Waingereza ikatangazwa kufilisika. Serikali ya Edward Heath ikalazimika kuitaifisha. Watu hupenda kusema ni kuku aliyeiangusha. Kuku alikuwa shahidi tu. Alichokionyesha ni kwamba watu waliojua kukitengeneza kitu hawakuwa bado wamejua kitavunjikaje.

Wahandisi huita vitu vya aina hii kompositi. Mimi nitaviita nyenzo mseto, manake mseto tunaujua: wali na choroko kwenye sufuria moja. Choroko inabaki choroko, wali unabaki wali, lakini unachokula si hiki wala kile. Nyenzo mseto ni hivyo hivyo. Unachukua nyuzi zenye nguvu, unazilaza ndani ya kitu kingine kinachozishika, na hakuna kimoja kinachoyeyuka ndani ya mwenzake. Na kwa vile Wakenya tuliwahi kuishi chini ya serikali ya mseto, tunajua pia kwamba mara nyingi shida haiko kwa huyu wala kwa yule. Iko pale wanapokutana.

Nilisomea uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa 3, ada ikakatika, nikaacha. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno. Rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja aliendelea, akamaliza, na sasa yuko Uingereza akisomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa nyenzo mseto. Hunitumia ujumbe wa sauti usiku, akitoka maabara, dakika 6 au 7 za maelezo na upepo wa baridi. Nafurahi kumsikia. Lakini kuna swali ambalo huniwasha kila nikimaliza kusikiliza: ni nini hasa anachofunzwa huko ambacho mikono haiwezi kujifunza yenyewe? Nimelitafutia jibu kwenye historia, kwa sababu vitabu vya mtumba havimuulizi mtu cheti.

*

Mikono ilianza zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Farao anawakomoa Waisraeli kwa kuwanyima majani makavu ya kufyatulia matofali. Wahubiri husoma hapo habari za dhuluma, na ni kweli, lakini kuna uhandisi pia. Udongo ukikauka unajikunja, na ukijikunja unapasuka. Majani yanaushika. Tofali lisilo na majani ni tofali linalongoja kupasuka.

Hatuhitaji kwenda Misri kuliona hilo. Anayekandika nyumba ya fito na udongo anafanya mseto: fito zinabeba mvuto, udongo unabeba uzito na kuziba upepo. Anayechanganya udongo na mavi ya ng'ombe kabla ya kupaka ukuta anajua kwamba mchanganyiko huo haupasuki ovyo, na sababu yake ni nyuzi ndogo ndogo za nyasi ambazo tumbo la ng'ombe halikuzimaliza. Kule Lamu, kuta za mawe ya matumbawe zilishikanishwa kwa chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Hakuna aliyeandika hesabu. Ilikuwa elimu ya kuona kilichosimama na kukirudia, na kuona kilichoanguka na kukiacha.

Elimu hiyo ina mpaka mmoja. Inajua mambo yaliyokwisha tokea. Ukiiuliza kuhusu kitu ambacho hakijawahi kujengwa, inanyamaza.

*

Mtu aliyevuka mpaka huo aliitwa Alan Arnold Griffith, na alianza na vioo. Miaka ya 1910 hadi 1920 alifanya kazi Farnborough, kusini mwa Uingereza, kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege. Swali lake lilikuwa la kitoto kabisa: kwa nini kioo kinavunjika kirahisi hivyo, ilhali hesabu za kemia zinasema kinapaswa kuwa na nguvu kubwa ajabu?

Akawa anayeyusha kioo na kukivuta kuwa uzi, kisha anaukata uzi kwa kuuvuta na kupima. Uzi wa unene wa milimita 1 hivi ulikuwa dhaifu kama kioo cha dirisha. Alipoupunguza, nguvu ikapanda. Uzi wake mwembamba kabisa, wa milimita 0.0033, mwembamba mara 20 kuliko unywele, ulihimili mvuto wa karibu mara 20 zaidi ya ule mnene, kwa kila kipimo sawa cha eneo. Kioo ni kile kile.

Jibu lake, lililochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lilikuwa kwamba kila kitu kina nyufa ndogo tusizoziona, na kwamba nguvu ya kitu haitokani na kile kilicho imara ndani yake bali na ufa wake mbaya zaidi. Kwenye ncha ya ufa, mvuto wote hukusanyika. Kitu kinene kina nafasi ya kuficha ufa mrefu, uzi mwembamba hauna. Sisi tulifunzwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, tukadhani ni maneno ya kumuonya mtoto mtundu. Griffith aliiandikia hesabu: alionyesha ufa ukifika urefu gani unaanza kukimbia wenyewe.

Hadithi ya kilichompata nimeikuta kwenye kitabu cha J. E. Gordon cha 1968, *The New Science of Strong Materials*, nilichokinunua mtumba hapa Nairobi kikiwa hakina jalada la nyuma. Gordon anasimulia kwamba usiku mmoja taa ya gesi waliyotumia kuyeyushia kioo ilisahauliwa bila kuzimwa, ikaleta moto, na baada ya uchunguzi wakubwa wakamwamuru Griffith aache kupoteza wakati. Akahamishiwa kwenye injini. Mwaka 1939 akaajiriwa na, nani mwingine, Rolls-Royce.

Kwa hiyo wazo lilikuwepo: nyuzi nyembamba zina nguvu. Lakini huwezi kuketi juu ya uzi. Lazima uzishike pamoja kwa gundi, na hapo ndipo Gordon mwenyewe na mwenzake Cook, mwaka 1964, walipoeleza jambo ambalo hadi leo nalipenda. Ukiunganisha vitu viwili vinavyovunjika kirahisi, na mshikamano kati yao ukawa wa wastani, si mkali mno, ufa unaokuja mbio ukifika kwenye mpaka wao unageuka pembeni na kupotelea hapo. Mpaka dhaifu ndio unaokiokoa kitu kizima. Ukishikanisha sana, ufa unapita moja kwa moja kama hakuna mpaka. Ukishikanisha kidogo, vinaachana. Kazi yote iko katikati hapo.

*

Sasa hebu tuwaangalie waliozifanya nyuzi hizo kuwa mali, kwa sababu hapa ndipo mtu kama mimi huanza kuvimba kichwa.

Uzi wa kioo wa viwandani ulitokea kwa bahati. Mwaka 1932, kwenye kampuni ya Owens-Illinois huko Marekani, mtafiti kijana Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha vipande vya kioo, upepo wa shinikizo ukapiga kioo kilichoyeyuka, kikatawanyika kuwa nyuzi laini. Ndiyo faiba tunayoijua leo kwenye mashua na matangi. Ndege ya kivita ya de Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, ilikuwa mseto wa mbao: mti mwepesi wa balsa katikati, plaiwudi ya mberchi nje na ndani, gundi katikati yake. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mafundi wa fanicha. Wakati huo huo Waingereza walijaribu kuunda kiwiliwili cha Spitfire kwa nyuzi za kitani zilizolowekwa resini, wakihofia aluminiamu itaisha.

Halafu kuna Stephanie Kwolek. Alimaliza shahada yake ya kwanza ya kemia mwaka 1946, akaingia kampuni ya DuPont kwa muda tu ili aweke pesa za kusomea udaktari wa tiba. Hakuenda tena. Hakuwa na uzamili wala uzamifu. Mwaka 1965 alipata myeyuko wa ajabu, mwepesi kama maji na wenye ukungu, wakati myeyuko mzuri ulitarajiwa uwe mzito na mwangavu. Mtu aliyesimamia mashine ya kusokota nyuzi alikataa kuuweka akihofia utaziba matundu. Kwolek akamsihi hadi akakubali. Uzi uliotoka ni Kevlar, ule wa fulana za kuzuia risasi, wenye nguvu mara 5 kuliko chuma cha uzito sawa.

Ukiziweka hadithi hizi pamoja, unaona kijana aliyebahatika, maseremala, na mwanamke wa digrii moja. Nilipozikusanya mara ya kwanza nilimtumia rafiki yangu ujumbe: unaona, bana, hawakuhitaji hiyo karatasi yako. Alijibu kwa sentensi moja. "Na feni ya Rolls-Royce je?"

*

Nyuzi za kaboni zina wazazi wengi. Mwaka 1958, Roger Bacon wa Union Carbide, huko Parma, Ohio, alionyesha uzi wa grafiti wenye nguvu ya kutisha. Akio Shindo wa Osaka, Japani, akapata njia ya kuzitengeneza kutoka kwa poliakrilonitrili, ndugu ya nyuzi za sweta za bei nafuu. Miaka ya kati ya 1960, Farnborough pale pale alipoanzia Griffith, William Watt na wenzake wakaziboresha hadi zikafaa kwa injini. Rolls-Royce wakazichukua.

Shida ni kwamba uzi wa kaboni una nguvu upande mmoja tu. Uvute kwa urefu, hautikisiki. Upige kwa ubavu, uliobaki kukushikia ni gundi. Kwa hiyo mhandisi hulaza tabaka moja juu ya jingine kwa pembe tofauti, nyuzi 0, nyuzi 45, nyuzi 90, kama mtu anayesuka jamvi huku akijiuliza litavutwa kutoka wapi. Chuma hakikuulizi maswali hayo. Chuma kikizidiwa kinapinda kwanza, kinakupa onyo. Mseto wa kaboni unaweza kuwa umeachana ndani, tabaka na tabaka, na nje bado unang'aa. Kuku wa 1970 alipiga kwa ubavu.

Jambo hilo halikuisha kwa aibu. Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi za kaboni mwaka 1971. Mwaka 1995 injini ya GE90 ikaingia kazini ikiwa na mapanga ya kaboni, safari hii yakiwa na ukingo wa titani mbele, mahali ndege wa porini anapogonga. Leo nusu ya uzito wa Boeing 787 ni nyenzo mseto, na Kenya Airways walipokea ya kwanza yao Aprili 2014. Kati ya kuku na GE90 ipo miaka 25. Ni katika miaka hiyo elimu hii ilipogeuka kuwa masomo ya chuo. Chuo Kikuu cha Delaware kilifungua kituo chake cha nyenzo mseto mwaka 1974, na vingine vikafuata.

Nilimuuliza rafiki yangu anasoma nini hasa. Nilitarajia aniambie namna ya kutengeneza. Kumbe kutengeneza ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuvunja: kuvuta, kukunja, kupinda mara laki kadhaa, kuloweka majini, kuchoma, kisha kukata na kutazama kwa hadubini ufa ulianzia wapi. Akaniambia pia kuhusu zoezi lililoanza baada ya mkutano wa wataalamu mjini St Albans mwaka 1991. Hinton, Soden na Kaddour waliwapa wenye nadharia majaribio 14, wakokotoe kila kipande kitavunjika lini na vipi, kisha majibu yakalinganishwa na maabara. Nadharia 19 zilishindanishwa, na matokeo yakakusanywa kitabuni mwaka 2004. Majibu yalitofautiana sana, hata kwa vipande vya kawaida. Yaani ndege zilikuwa zikiruka, na waliotunga hesabu zake walikuwa bado hawakubaliani juu ya siku ya kuvunjika.

*

Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi miezi 8 kwenye karakana moja ya faiba Mombasa. Tulikuwa tunaziba mashua, tunatengeneza matangi na bampa za matatu. Mzee aliyetusimamia hakuwa na mashine yoyote ya kupimia. Alikuwa na sarafu ya shilingi 20. Kazi ikikauka alipita akiigonga taratibu, sikio karibu, ti, ti, ti, ti, halafu ghafla, tu. Anasimama. "Hapa pameachana, mwanangu. Sikiza." Nilikuwa sisikii kitu. Baada ya miezi 3 nikaanza kusikia. Tukipakata pale, kweli tabaka zilikuwa zimeachana, na hewa katikati.

Nilimsimulia rafiki yangu nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema hiyo ni mbinu halali kabisa, inafundishwa, mafundi wa ndege wameitumia miaka mingi kabla na baada ya mashine za altrasaundi, zile za jamii moja na za mama wajawazito. Tofauti ni kwamba wenzetu walipima kwa nini sauti inabadilika, na ufa wa ukubwa gani hausikiki kwa sarafu. Mzee anajua pameachana. Hajui pakibaki hivyo patadumu hadi lini, wala kuna kilichojificha kirefu zaidi ya sikio lake.

Nikafikiria chombo cha Titan. Tarehe 18 Juni 2023 kilizama na watu 5 kikielekea mabaki ya Titanic, karibu mita 3,800 chini ya Atlantiki, na ganda lake la nyuzi za kaboni likabomolewa na mgandamizo wa maji. Wachunguzi wa Marekani walikuta mikunjo na vitundu kwenye tabaka za ganda lile tangu lilipotengenezwa. Na kuna hili: Julai 2022, kikitoka kwenye mbizi yake ya 80, kishindo kikubwa kilisikika. Vipimo vilivyokuwa vimefungwa ndani ya chombo vilionyesha kwamba baada ya siku hiyo ganda halikuwa tena kama lilivyokuwa. Mwaka uliofuata kikarudishwa majini. Mwenye kampuni, Stockton Rush, aliyekuwa ndani na akafa na wenzake, alikuwa na shahada ya uhandisi wa anga kutoka Princeton.

Kwa hiyo si karatasi, na pia si kutokuwa na karatasi. Kwolek hakuwa na uzamili, lakini alikubali kwamba kitu cha ajabu mbele yake kinasema jambo. Rush alikuwa na digrii na vipimo, chombo kikamwambia waziwazi, na bado wakashuka. Mzee wa sarafu hangeitia mashua baharini baada ya kusikia "tu". Lakini Mzee huyo huyo hawezi kuunda bawa, na haitoshi sisi kumsifu tu hapa kisha tukapanda ndege iliyoundwa na wengine.

*

Tunayo nyuzi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika hai pwani ya Tanganyika. Kutoka hapo mkonge ukaitawala Tanga, na mashamba yakaenea Kenya pia, Thika, Mwatate, Vipingo. Babu zetu walivunjwa mgongo kwa zao hilo. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na tukafunzwa kuuona mkonge kama zao la jana.

Rafiki yangu anaandika tasnifu yake juu ya katani, nyuzi za mkonge, ndani ya resini. Kikwazo ni kile kile cha Gordon, mpaka. Katani hunywa maji, resini haipendi maji, na zikikutana hazishikani vizuri. Anaziosha kwa kostiki soda, ile ya watengenezaji sabuni, kuondoa nta juu ya uzi ili resini ipate pa kushika. Kisha anavunja vipande, siku nzima. Mashine anayovunjia kwetu zipo chache, na anayeishika ni yule aliyelipa ada. Hapo ndipo nimelipata jibu la swali langu, na halinifurahishi sana: anachopata huko ni ruhusa ya kuvunja vitu vingi, polepole, na mtu wa kumsaidia kusoma ufa. Mikono ingeweza kujifunza hayo. Haikupewa nafasi.

Mwezi uliopita aliniomba niende kwa Mzee nikamuulize anasikiliza nini hasa anapogonga: ukali wa sauti, urefu wake, au kitu kingine. Nilikwenda. Mzee alifikiri, akasema sauti nzuri hurudi kwako na mbaya hubaki ndani. Niliandika hivyo hivyo. Halafu akauliza mwenzangu huko ana mashine gani, nikamweleza ile inayokunja kipande mara laki kadhaa hadi kichoke.

"Wateja huniuliza tangi litakaa miaka mingapi," akasema. "Huwa nawaambia ni la maisha." Akanyamaza kidogo. "Muulize, mwanangu. Nikimtumia kipande, ataweza kuniambia?"

Kipande kiliondoka Jumanne, kikubwa kama kiganja, ndani ya bahasha ya kaki.